Kidole Hakichipuki

Wajukuu wangu mnaoshika mashine za stima, kuanzia Githurai hadi Makongeni, naomba mnisikilize leo. Zimeni hiyo mashine kwanza. Nina neno, na neno lenyewe limenikaa kifuani muda mrefu.

Kazi yenu naijua. Nawaona alfajiri mkishuka kwenye matatu pale Kimbo, Kihunguro, Witeithie, Kiganjo, begi la vifaa begani, wengine hata chai hamjanywa. Ruiru niliyoijua mimi ilikuwa kahawa mpaka macho yanachoka. Leo ni ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa inataka geti, madirisha ya chuma, vigae, makabati ya jikoni. Mikono inayoyafanya hayo yote ni yenu. Na karibu kila mkono una mashine iliyochomekwa ukutani.

Stima si mgeni huku kwetu. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Nairobi ilipata stima kutokana na nguvu za maji ya mto huu wetu wa Ruiru. Sisi tuliokulia vijijini tuliona nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, na tuliziogopa. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta stima ndani ya nyumba, basi mmeizoea. Na mazoea ndiyo yanayonitia hofu. Aliyezoea moto huota mpaka nguo ishike.

Nimewaona vijana waliotoka karakana wakiwa wamepungukiwa. Huyu hana vidole viwili, yule jicho lake limefunga ukungu, mwingine mkono upo lakini haukunji. Nikiwauliza ilikuwaje, hadithi ni ileile, hubadilika jina la mtaa tu. Hakuwa mjinga. Hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa anaokoa dakika chache.

Dakika chache, mwanangu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale akiangalia saa, malipo ni ya kazi ikiisha, mvua inanyemelea, na kazi imebaki kidogo tu. Hapo ndipo kidole kilipokwenda. Na kidole si mchicha, kikikatwa hakichipuki.

Nianze na grainda, maana ndiyo inayonikosesha usingizi.

Grainda ikitoka kwenye boksi huja na nusu duara ya bati inayofunika diski. Hiyo ni kinga. Sasa tembea karakana zetu uone ni grainda ngapi bado zinayo. Vijana huing'oa siku ya kwanza. Wanasema inawazuia kuona mstari. Wanasema haiingii kwenye kona. Wengine wanaing'oa kwa sababu fundi aliyewafundisha naye aliing'oa, na hawajawahi kuuliza kwa nini.

Chukua ile diski ndogo ya inchi nne na nusu, milimita 115. Isome. Imeandikwa 80 m/s, na imeandikwa 13,300. Maana yake ni kwamba isizungushwe zaidi ya mara 13,300 kwa dakika, na ukingo wake usipite mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Mita 80 kwa sekunde ni kilomita 288 kwa saa. Chukua gari linalokwenda kwa fujo kwenye barabara kuu ya Thika, zidisha mwendo wake mara mbili, ndiyo unaanza kufika hapo. Na kitu kinachokwenda kasi hiyo unakishika shibiri chache kutoka kwenye shingo yako.

Diski ni mchanga mkali ulioshikanishwa kwa gundi na wavu. Ikianguka sakafuni inaweza kupata ufa usioonekana. Ikilowa, ikikaa miaka dukani, gundi inachoka. Ndiyo sababu kwenye ule mduara wa chuma katikati huandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Uliwahi kuusoma? Unasoma tarehe ya maziwa na ya mkate, lakini diski inayoweza kukufumua uso unaipokea dukani bila kuitazama. Nakuomba, isome.

Diski ikipasuka, vipande vinaondoka kwa mwendo uleule iliokuwa ikizunguka nao. Hakuna mtu wa kukwepa, hata awe mwepesi namna gani. Kinachosimama kati ya kile kipande na koo lako ni lile bati ulilolitupa chini ya benchi.

Kisha kuna yule anayeng'oa kinga ili aingize diski ya inchi tisa kwenye grainda ndogo, eti ipate kina. Diski ya milimita 230 mwisho wake ni mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000. Piga hesabu: ukingo wa ile diski kubwa sasa unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na uliundwa kwa 80. Huo si ufundi, mwanangu. Tafadhali, kama umewahi kuufanya ukanusurika, usiuhesabu kuwa ujuzi. Ulisamehewa tu.

Lakini kuna diski moja inayoniogopesha kuliko hizo zote. Ile ya meno, ya kukatia mbao, ikifungwa kwenye grainda.

Naiona kila mjengo. Kijana amekanyaga mbao ya mbili kwa mbili kwa mguu wa kushoto, amevaa pata pata, ameinama, grainda iko mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika ncha ya mbao isicheze. Meno yanaingia. Vumbi la mbao linamrukia usoni, anafumba jicho moja. Mbao inapokaribia kukatika inainama kwa uzito wake, ule mpasuo unajibana, na meno yananasa. Hapo mashine haikati tena. Inaruka. Inarudi kwa aliyeishika, kwa nguvu ambayo mkono mmoja hauna uwezo wa kuizuia. Ikikutana na msumari uliofichika au fundo, inafanya vivyo hivyo, tena bila kutoa dalili.

Na ukiiachilia, haizimi. Grainda nyingi ndogo swichi yake ni ya kusukuma, ikishawaka imewaka. Inaanguka ikizunguka, na chini kuna mguu, kuna paja lenye mshipa mkubwa wa damu. Mshipa ule ukikatika, mtu anaweza kumaliza damu kabla gari halijatoka kwenye foleni.

Msumeno wa duara wa stima, ule uliotengenezwa kwa mbao, una bamba linalolala juu ya mbao na kinga inayojifunga yenyewe ukimaliza kukata, na ukiachilia kidole unazima. Waliouunda waliyafikiria hayo yote. Kama huna, ukodi. Kama hakuna wa kukukodishia, tumia msumeno wa mkono. Utachelewa, ndiyo. Mwenye nyumba atanung'unika, ndiyo. Mwache anung'unike. Mwenye nyumba anataka slabu. Mamako anakutaka wewe.

Nakusihi, mwanangu. Usikate mbao kwa grainda. Kama hukumbuki lingine lolote katika maneno haya, kumbuka hilo.

Kabla ya kubadilisha diski, chomoa plagi. Si kuzima swichi, chomoa, uione plagi kwa macho yako iko chini. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakibadilisha diski plagi ikiwa ukutani, swichi ikiguswa na goti, vidole vikiwa palepale. Na huku kwetu stima hupotea bila kuaga. Inapopotea katikati ya kazi, watu huweka mashine chini na kwenda kupiga stori, wamesahau kuwa swichi imebaki imewaka. Stima ikirudi, grainda inaanza kukimbia peke yake juu ya benchi. Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kuzima swichi na kuchomoa. Stori itakungoja.

Mavazi nayo. Najua fulana ya kofia yenye kamba ni fasheni, na nywele ndefu za kusuka mmezipenda, sina ugomvi nazo. Lakini drili ikishika kamba hiyo au rasta hiyo, itaikunja mpaka ifike kichwani. Funga nywele, ingiza kamba ndani, vua ile cheni. Glavu za nyuzi usizivae ukiwa kwenye drili ya kusimama, maana uzi mmoja ukishikwa unavuta mkono mzima. Viatu viwe viatu. Pata pata ni za bafuni.

Macho sasa.

Jicho halina spea. Uende Kirinyaga Road ukazunguke duka kwa duka, utapata spea ya kila gari linalotembea Kenya hii, lakini jicho hutalipata. Na bado naona kijana akisaga chuma huku amegeuza uso pembeni, ameamini kwamba kugeuza uso ni kinga. Mwingine amevaa miwani ya jua aliyonunua steji. Hiyo ni ya kupendeza. Chembe ya chuma ikiipiga, inapasuka na kuongeza vipande vya kuingia jichoni. Nunua miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni. Ukisaga kwa muda mrefu, vaa pia ngao ya uso juu yake. Na miwani ikinunuliwa ivaliwe. Miwani iliyo mfukoni hulinda mfuko.

Chembe ikiingia, usimruhusu mwenzako aitoe kwa njiti ya kiberiti, wala kwa ncha ya kitambaa, wala kwa wembe. Kila karakana ina huyo mtu anayesifiwa kuwa daktari wa macho, mkono wake hautetemeki. Mwanangu, mkimbie. Chuma kikikaa kwenye jicho kinaanza kushika kutu humohumo, na jeraha la njiti huingiza uchafu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Thika kuna hospitali ya Level 5, na kule Kikuyu hospitali ya PCEA imewatibu watu macho kwa miaka mingi. Usingoje Jumamosi eti ndiyo siku yako ya mapumziko.

Na nyinyi mnaochomelea, msiazimane kioo cha ngao wala msichomelee kwa kukisia, kufumba macho na kugusisha rodi. Yale maumivu ya usiku, jicho likawa kama limejaa mchanga, ni ngozi ya jicho iliyoungua. Tena kuna imani kwamba maziwa ya pakiti husafisha moshi wa kuchomelea. Kunyweni maziwa kwa afya yenu, ni chakula kizuri, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni. Havikutani. Chomelea mahali penye hewa. Na pipa lililobeba petroli au tina ya rangi lisikaribiwe na moto, hata likiwa limekauka, hata likiwa limekaa mwaka. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua pipa na aliyelishika.

Nimefika kwenye stima yenyewe.

Stima haina mjomba. Haimjui mtoto wa chifu wala mwana wa mjane. Inatafuta njia ya kwenda ardhini, na mwili wa mtu uliolowa jasho, uliosimama kwenye matope au juu ya saruji mbichi, ni njia nzuri sana kwake.

Huku kwetu soketi ina volti 240. Kule Uingereza, ambako soketi za nyumbani ni kama zetu, mashine za mkono kwenye mijengo huendeshwa kwa volti 110 kupitia transfoma ya njano, na imepangwa hivi kwamba anayeguswa na waya mmoja akiwa amesimama chini hupata volti 55 tu. Walifanya hivyo kwa sababu walijua mjengo una maji, una vyuma, una nyaya zinazokanyagwa. Sisi tunafanya kazi kwenye matope yaleyale kwa volti 240 kamili. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuwa waangalifu zaidi, si wao. Na ukiuziwa mashine ya mtumba yenye plagi ya njano ya duara, usiikate plagi ukafunga ya kwetu. Hiyo ni ya volti 110, na itafuka moshi mkononi mwako.

Mtu ataniambia, guka, kuna fyuzi. Sikiliza. Fyuzi ya kwenye plagi ni ya ampia 13. Ampia moja ni miliampu elfu moja. Kuanzia miliampu kumi hivi na kuendelea, misuli ya mkono hujikunja na mtu hushindwa kuachilia alichoshika. Zikizidi thelathini na kupita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ilikula miliampu 250. Kwa hiyo stima isiyotosha hata balbu inatosha kukuua, na fyuzi yako inangoja elfu kumi na tatu. Fyuzi inalinda waya usiungue. Wewe haikuhesabu.

Kinachokuhesabu ni kile kifaa ambacho mafundi wa stima hukiita RCD. Kinapima stima inayoenda na inayorudi, na zikitofautiana kwa miliampu 30 kinakata mara moja, kabla moyo haujavurugika. Kina kitufe cha kujaribia; kibonyeze mara kwa mara uone kama bado kinakata. Kuna za kufungwa kwenye boksi la stima na kuna za kuchomeka tu kwenye soketi, unatembea nayo kwenye begi kutoka kazi hadi kazi. Ukiniuliza kijana anayeanza kazi anunue nini kabla ya grainda ya pili, nitakuambia nunua hiyo.

Tena kuna tabia hii ya kuingiza nyaya tupu kwenye soketi. Waya umechunwa kwa meno, njiti imesukumwa kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, nyaya mbili zimeingizwa na kubanwa kwa njiti nyingine. Nimeona hivyo kwenye mijengo ya mamilioni. Mtu amejenga ghorofa sita na ameshindwa kununua plagi. Lile tundu la juu lililofungwa kwa njiti ndilo la waya wa ardhi, na kwa kulifanyia hivyo umeunyima mwili wako kinga yake.

Mashine ya kuchomelea, kompresa, mashine ya kuchanganyia zege, zote zenye mwili wa chuma lazima ziwe na waya wa ardhi uliofika mahali pake. Nyingi za kuchomelea zimesukwa hapahapa na mafundi wetu, na kazi yao naiheshimu, lakini usiiwashe ya mtu yeyote mpaka umwulize: ardhi iko wapi? Grainda na drili nyingi za mkono zina alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zimezibwa mara mbili na hazihitaji waya wa ardhi, lakini hazikuumbwa kwa mvua. Ikilowa, iache ikauke kabisa.

Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake, ukiitumia kwa mashine kubwa, iviringue yote, vinginevyo inapata joto ndani mpaka plastiki inayeyuka. Iinue juu ya vyuma visiikate. Kipande kilichochubuka usikifunge na karatasi ya nailoni. Kikate, uunge upya ipasavyo. Machi hadi Mei, mvua ya masika inaponyesha na uwanja wote ni dimbwi, kuna siku ambazo jibu sahihi ni kwenda nyumbani.

Na ukipanda kwenye zile nyumba za kupanga kutoboa ukuta ili utundike televisheni, kumbuka nyaya hupita ndani ya ukuta, mara nyingi wima kutoka kwenye swichi na soketi. Usitoboe juu yake wala chini yake. Zima stima ya chumba hicho kwanza.

Mwenzako akishikwa na stima, usimguse. Najua moyo utakutuma umvute, ni ndugu yako. Ukimgusa mtakuwa wawili. Kimbilia swichi kubwa, uizime. Kama huioni, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akiachiliwa akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Akiamka na kusema yuko sawa, bado mpelekeni hospitali. Moyo unaweza kuyumba baadaye.

Kidole kikikatika, kitafuteni. Kifungeni kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitieni kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Kisiguse barafu chenyewe, na kisizamishwe kwenye maji. Aliyekatwa mbaneni jeraha kwa nguvu, mwinueni mkono juu, mwende. Naandika haya nikiomba msiyahitaji kamwe.

Vumbi na kelele sitakawia navyo, ingawa vinadhuru polepole. Vijana wanaokata vigae vikavu, na wale wa machimbo ya mawe ya Ndarugo kule Juja ambako mashine hukata mawe mchana kutwa, lile vumbi jeupe mnaloliona kwenye kope liko pia ndani ya mapafu, na huko hakuna anayelipangusa. Kata kwa maji inapowezekana, lakini kwa mashine iliyoundwa kutumia maji, si kwa grainda ya kawaida. Vaa barakoa ya vumbi, si shati mdomoni. Ziba masikio. Sheria ya Kenya haitaki mtu akae kwenye kelele ya desibeli 90 zaidi ya saa nane, na grainda huipita hiyo kwa urahisi.

Nimetaja sheria. Mnadhani ni ya watu wa viwanda vikubwa vya Thika pekee, wenye beji na kofia za plastiki. Siyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, na inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Inakutaka na wewe uvivae. Haimruhusu akuadhibu kwa kusema kwamba mahali ni hatari. Na mwaka huohuo wa 2007 ilitungwa Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, inayomtaka mwajiri akukatie bima na aripoti ajali.

Lakini nitakuambia ninavyoona mimi kwa umri huu. Siku ya ajali, kontrakta wengi simu yao huzima. Kibarua hakuandikwa popote, alilipwa mkononi, na jina lake linajulikana na watu watatu. Kwa hiyo andika. Weka ujumbe wa simu unaoonyesha uliitwa kazi wapi, na nani, kwa malipo gani. Piga picha ya mahali. Ukiumia, hakikisha umeandikwa hospitali kwamba umeumia kazini, na wenzako wamwone ofisa wa usalama kazini wa kaunti wakiwa na hayo mkononi. Fidia ni haki yako, idai. Ila ujue hata ukilipwa yote, hutarudishiwa mkono.

Wewe unayefundisha wengine, nakugeukia. Kijana aliyeletwa kwako na mamake hana macho mengine ila yako. Akikuona umeng'oa kinga, atang'oa. Akikuona unachomoa plagi kabla ya kugusa diski, atafanya hivyo miaka arobaini bila kujua alijifunza wapi. Usimpe grainda wiki ya kwanza kwa sababu una kazi nyingi. Mpe ufagio, mpe kupima, mpe kushika, umweleze kila unachofanya na sababu yake. Na mwambie tangu mwanzo kwamba ana ruhusa ya kukataa, hata akikataa neno lako.

Nawe kijana, jifunze hilo neno. "Mzee, siwezi kukata hii bila kinga." Liseme kwa heshima, lakini liseme. Ukifukuzwa kazi kwa neno hilo, rudi nyumbani na mikono yako miwili. Kazi nyingine utaitafuta nayo.

Kesho asubuhi kabla hujachomeka kitu, fungua begi lako. Kagua waya wote kwa mkono, kutoka plagi hadi mashine. Soma diski. Tafuta kinga, na kama imepotea, nenda duka la vifaa ukanunue nyingine inayoingia kwenye mashine yako. Malipo ya kwanza utakayopata wiki hii, kabla ya krediti, kabla ya viatu vya kuvaa Jumapili, nunua miwani na hiyo RCD. Mwonyeshe na mwenzako unayefanya naye kazi, naye anunue. Nakuomba, mwanangu, fanya hivyo wiki hii.